Benchi la Mnazi

Zahanati yetu iko karibu na nyumba yangu kiasi kwamba nikiunguza maharage, nesi Shamsa anajua kabla yangu. Pamoja na hayo, kwa miaka sita nimekuwa nikifuata dawa Mnazi, huko chini tambarare, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Niite mjinga, sitakukatalia. Mimi Secilia, mjane, mkulima wa kabichi, sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri, sikutaka mtu yeyote wa huku Shume ajue kwamba ninaishi na virusi vya UKIMWI. Lushoto mjini nisingeweza kwenda, maana siku za soko nusu ya kijiji iko kule na mboga zake. Mnazi hakuna anayenijua.

Ndivyo nilivyodhani. Mwaka wa kwanza tu, nimekaa kwenye benchi la kliniki, kadi nimeificha ndani ya kanga, nikainua macho: mbele yangu mzee Anord, mzee wa kanisa letu, yule anayesimamia sadaka. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye shamba moja.

"Nimefuata mpunga," akasema.

"Nami nimeleta kabichi," nikajibu. Mkononi sikuwa na hata jani.

Tangu siku hiyo, tukikutana pale kila mmoja anatazama ukuta wake. Sikumpa shikamoo. Kumwamkia kungekuwa kukiri kwamba nimemwona, na kwamba naye ameniona. Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa huulizwa amelelewa na nani. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilimpita mzee wa rika la baba yangu kama kisiki, kisha Jumapili nikaimba mbele yake. Iliniuma kila mara.

Basi mwaka huu mradi wa wafadhili ukafungwa, na gari lililokuwa likipandisha dawa kila mwezi likaacha kuja. Dawa zenyewe zipo stoo ya wilaya, lakini dawa haina miguu. Mwezi wa kwanza nesi Shamsa alihangaika na bodaboda ya kuomba; mwezi wa pili mvua ikabomoa barabara. Sisi wa Mnazi tunapewa za miezi mitatu, tukajinyamazia. Aliyeumia ni Yudith.

Yudith ni binti wa jirani yangu, ameolewa na mpasua mbao, na ana mimba ya miezi mitano. Yeye amesajiliwa hapahapa kijijini, maana alipimwa kliniki ya wajawazito na hakuwa na nauli ya kwendea kujificha. Dawa hupewa za mwezi mmoja mmoja, ili aangaliwe. Alinikuta shambani nikipalilia, akakaa kwenye tuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

"Zimebaki za siku tisa. Nesi anasema nikikatisha, mtoto anaweza kuambukizwa. Jumamosi diwani anakuja kuchukua vipaumbele vya bajeti. Wewe unajua kusema, shangazi. Nisemee."

Hakujua anamwomba nani. Nilimwambia nitasema, kisha nikapalilia mpaka nikang'oa kabichi badala ya magugu.

Mkutano ulifanyika darasani. Diwani wetu, Sefania, si mtu mbaya. Ni mtu wa namba tu. Alisoma orodha yake: barabara, imepita, choo cha shule, kimepita. Alipofika kwenye ombi la gari la dawa na la nesi wa pili, akakuna kidevu. Nikasimama.

"Diwani, wafadhili tunawashukuru, wameondoka. Mgeni hata umpende vipi, ana kwao. Serikali ndiyo mwenye nyumba. Kila gunia la viazi na kila ubao unaotoka huku tunaulipia ushuru. Mama mjamzito akikosa dawa, na ushuru wetu umefika mjini salama, nani atajibu?"

Makofi yakapigwa. Diwani alisubiri yapoe.

"Mama Secilia, nakubaliana nawe. Ila daftari la zahanati lina watu saba. Saba! Nikisimama nao halmashauri wataniambia washuke Mnazi, yameisha. Nipe watu, nikutafutie gari."

Nilimwona Yudith amesimama nje ya dirisha, mikono juu ya tumbo. Nikalikumbuka lile benchi. Si mzee Anord peke yake: nyuso nyingine za huku ninazoziona kule nazijua, na wenye nyuso hizo bila shaka wananijua mimi. Tulijificha vizuri mno hata bajeti haikutuona, na anayelipia maficho yetu ni huyu binti asiyejificha. Niliona aibu kuliko siku niliyopewa majibu yangu.

"Andika nane," nikasema.

"Wa nane ni nani?"

"Mimi. Nina virusi, natumia dawa mwaka wa sita huu, na nazichukulia Mnazi kwa kuogopa midomo yenu. Jumatatu nahamishia kadi yangu hapa."

Mtu akaguna. Mwenzangu wa kwaya akashika mdomo. Nikashikilia dawati la watoto. Nikajiambia, Secilia, umejimaliza.

Ndipo dawati la mbele likakwaruza sakafu. Mzee Anord alisimama polepole, akavua kofia.

"Diwani," alisema, "mimi Mnazi sijawahi kununua mpunga."

Watu wakatazamana, wakadhani uzee umemfika. Niliyeelewa ni mimi tu, nikacheka na kulia papo hapo.

"Andika tisa," mzee akamalizia, akakaa.

Hakuna mwingine aliyesimama, wala haikuhitajika. Diwani alisema nesi ampe idadi tu, majina yabaki kwake. Jioni ile na kesho yake watu walipita kwa Shamsa mmoja mmoja, wengine kwa mlango wa nyuma. Jumapili baada ya ibada tulitoka na majembe tukaitengeneza barabara. Jumatatu diwani akapanda na gari la halmashauri aliloliomba, maboksi ya dawa nyuma, na mfukoni akatia karatasi ya Shamsa yenye namba thelathini na nne.

"Kwa hii hawanicheki," akasema. Kikao cha bajeti bado. Tutamfuata hadi mlangoni, kwa hiyo aombe Mungu asisahau.

Yudith aliitwa wa kwanza. Alitoka amelishika kopo lake kwa mikono miwili, akapita mbele yetu anatabasamu.

Benchi la zahanati lilijaa. Mzee Anord akaingia, kadi mkononi, mchana kweupe, akatafuta pa kukaa. Nikasogea.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwa sauti ya kwaya, benchi zima lisikie.

Alinitazama, machozi yakamlenga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na zile zote za Mnazi, marahaba."