Mpini Uliovishwa Mpira

Siku Komeo alipofariki, betri ya drili yake ilikuwa bado kwenye chaja. Alikuwa amejinyoosha baada ya chakula akilalamikia kifua, na hakuamka. Watu waliingia na kutoka, viti vikaazimwa kwa majirani, wanaume wengine wakakalia mbao za kabati la mteja bila kujua, na taa ndogo ya kijani juu ya benchi ikaendelea kuwaka kana kwamba mwenyewe alikuwa ametoka kidogo tu.

Komeo ni jina alilopewa na wateja, kwa sababu mlango aliouweka yeye ulifungwa kwa kidole, si kwa goti. Dada yake mdogo, aliyefanya naye kazi tangu amalize shule, ndiye aliyebaki na karakana. Alibaki pia na rafu za maktaba ya shule zilizokuwa zimeahidiwa, pamoja na wifi yake, mjane wa Komeo, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi. Karakana hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Drili yenyewe ilikuwa kituko. Komeo alikuwa ameuvisha mpini wake vipande vya tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, hadi ukanenepa kama mguu wa meza. Mpira ulikuwa umebonyea pale vidole vyake vilipokaa. Dada alipoushika mara ya kwanza baada ya msiba, vidole vyake viliingia katika vishimo vile, vikapwaya humo kama miguu ya mtoto ndani ya viatu vya baba. Akauacha kama ulivyo.

Kuta za maktaba zilikuwa za zege. Ubao unautoboa huku unapiga soga, lakini zege ni kesi nyingine: unaiweka mashine kwenye alama ya nyundo, inagonga huku inazunguka, mpaka meno yanagongana mdomoni. Dada alifuata aliyofundishwa. Alivaa miwani ya kazi, akafunga nywele, akakunja mikono ya nguo isije ikanaswa, na kila alipobadilisha ncha ya kutobolea alichomoa betri kwanza. Kwa hayo Komeo alikuwa hana mchezo. Lakini ncha ilikuwa butu, na kwa haraka ya kumaliza alisukuma kwa bega, akaukaba mpini kana kwamba ulitaka kutoroka.

Baada ya siku kadhaa, vidole vilianza kumchonyota na kufa ganzi. Akasema ni uchovu. Kisha asubuhi moja ya baridi, akiosha vyombo, akaona vidole viwili vimepauka kama vimepakwa majivu, mstari umekatika wazi kwenye kiungo. Siku hiyo skurubu zikawa zinamponyoka bila yeye kujua. Hapo ndipo alipoogopa. Fundi asiyehisi skurubu ni fundi wa nini, na nani angewalisha?

Daktari alimuuliza mengi, hasa anavyoishika mashine. Akamweleza kuwa huo ni mtikisiko, unaumiza mishipa ya damu na ya fahamu, na kadiri mtu anavyokaza mkono ndivyo unavyopanda. Alisema dada amewahi kufika kabla hayajaharibika. Apumzike kwanza; akirudi kazini atoboe kwa vipindi vifupi, mikono iwe na joto, na ganzi ikirudi asiipuuze, kwa maana wanaopuuza hufika mahali vidole havirudi tena. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye dalili hizo.

Alitoka na swali hilo kichwani. Asubuhi za baridi, Komeo alizoea kusimama mlangoni mkewe amfunge vifungo vya shati. Mtaa mzima ulicheka kwamba amedekezwa. Je, yalikuwa mapenzi au ganzi?

Akaanza kuuchunguza mpini, kwa kuwa mpini hauoni haya. Ukingoni mwa mpira matabaka yalionekana: la juu jeusi na jipya, chini yake jekundu lililochakaa, chini kabisa lililoanza kugeuka unga. Kumbe hakuuvisha siku moja. Ili ahakikishe alichokuwa anawaza, dada alikamata mpini wa ufagio, kisha mguu wa meza, huku akiupapasa mkono wake kwa ule mwingine. Kwenye mguu wa meza msuli ulikuwa mgumu kama jiwe. Basi ndivyo ilivyokuwa: ganzi ilipozidi, kaka aliongeza mpira apate ulaini, mpini ukanenepa, akalazimika kukaza zaidi, akatikiswa zaidi, akaongeza mwingine.

Kilichobaki ni kisu, na hakuthubutu. Alama ya mkono wa Komeo haikuwapo mahali pengine popote, na mwenye haki nayo alikuwa nje anapiga msasa.

Wifi yake alimsikiliza bila kusimamisha kazi. Alimtania kwanza kwamba wifi mvivu hakosi cheti cha daktari. Alipoonyeshwa vidole, msasa ukatulia.

"Nikikata, alama zake zinakwenda," dada alisema. "Sema wewe."

"Unadhani sikujua? Mikono yake ilikuwa baridi mpaka chini ya blanketi. Nikamwambia twende hospitali, akaniuliza fundi gani analilia vidole."

"Na vifungo?"

"Cha juu ndicho kilichomshinda, wifi. Hivyo vingine alikuwa anajifanya tu." Akacheka, akajipangusa macho kwa kiganja chenye vumbi. "Lete hicho kisu."

Akakata mwenyewe. Mpira ulifumuka, vishimo vikanyooka, vikapotea machoni pao. Chini yake mpini wa kiwandani ulikuwa mwembamba na mzima. Mkono wa pembeni wa drili, wa kushikia kwa mkono wa pili, ambao Komeo aliuondoa kwa sababu ulimsumbua ndani ya makabati, ukatafutwa na kufungwa mahali pake. Ncha mpya ikanunuliwa.

Daktari aliporuhusu, dada aliegemeza ncha ukutani, akaishika mashine imara kwa mikono miwili bila kuikaba, akaiacha ifanye kazi yake. Zege likakubali. Alisimama akalitazama lile shimo, hakuamini lilivyohitaji nguvu kidogo. Wifi yake akavaa miwani, akasema naye ajaribu.

Siku hizi wanapokezana kwenye kuta za zege, na kazi ya siku moja inawachukua mbili.