Mama Mkwe Aenda Kushuhudia

Msusi aliposikia kwamba mama mkwe anakuja kukaa nao mpaka goti lake litibiwe, aliona mashaka yake yamepata mwenzi. Bibi yule ulimi wake ulikuwa wembe. Siku aliyofika alikosoa mapazia, akakosoa uji, akauliza kama ufagio wa nyumba hiyo ni wa kufagilia au ni pambo la kona.

Mashaka yenyewe yalikuwa mumewe, fundi wa majokofu. Mtaani alikuwa mcheshi, hana mfano. Nyumbani mkono wake ulitangulia maneno. Wanawake waliokuja kusukwa barazani waliona alama shingoni mwa msusi, wakazungumzia mvua. Majirani nao walisema ya ndani ni ya ndani.

Asubuhi moja shati halikuwa limepigwa pasi. Kofi likalia. Fundi alidhani mama yake bado amelala, kumbe yuko bafuni. Bibi akatoka kajifunga kanga, povu la sabuni limemkaa kichwani kama kilemba, akasimama katikati yao. Mwanawe akashusha sauti, akamsihi asijiingize, haya ni mambo ya mume na mke.

"Mimi si mume wala si mke," bibi akasema. "Basi mimi ni shahidi."

Akavuta kiti, maana goti lilikuwa linamwaka moto, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba yako alinipiga, nikanyamaza ili wewe ukue kwa amani. Kumbe ulikuwa darasani."

Fundi aliondoka, shati limekunjamana. Bibi akasuuza nywele, akavaa gauni lake la sherehe, akamwambia mkwewe achukue mkoba. Njia nzima msusi aligeuka kutazama nyuma, bibi akalalamikia viatu.

Kituoni, askari wa zamu aliwashauri kwa upole wakayamalize nyumbani. Bibi akamjibu kwamba huko nyumbani ndiko yanakoanzia, akanyoosha mguu juu ya benchi, akaomba mto. Mkuu wa kituo alipofika alimkuta akiwahoji askari vijana, mmoja mmoja, wanaishi vipi na wake zao. Akaamuru maelezo yaandikwe upesi.

Mahakama ilimzuia fundi kukanyaga nyumbani, ikamtaka ahudhurie ushauri nasaha. Akahamia kwa kaka yake. Mwanzoni alinuna, siku hizi humpigia mama yake simu na kusikiliza zaidi ya anavyosema. Msusi hajaamua kama atamrudia, na bibi amewakataza ndugu wote kumharakisha.

Barazani nako msusi aliacha kujifunga mtandio shingoni. Wateja walipouliza, aliwaeleza wazi. Mke wa mwalimu, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akasema polepole kwamba mume wake hutumia mkanda. Mara kila mtu akataka kusema. Msusi akatambua kwamba miaka yote alikuwa akisuka vichwa vyenye siri moja.

Goti lilipona, lakini bibi hakufunga mizigo. Mke wa mwalimu alipoomba kusindikizwa kituoni, bibi alidai kwanza asukwe mtindo wa wasichana, wenye shanga. Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

Walipotoka, bibi ndiye aliyeongea, shanga zikigongana, na mke wa mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Msusi akawatazama mpaka walipokata kona, kisha akamwita mteja aliyefuata.