Sauti ya Kipigo

Sijawahi kuwapenda watazamaji, na nasema hivi nikijua wao ndio wanaonilisha. Kazi yangu ni kutengeneza sauti za filamu. Ukiona mtu anatembea kwenye skrini, zile nyayo unazosikia ni zangu: nimekaa chumbani, nimevaa viatu vya kiume, nakanyaga kokoto kwenye beseni. Mlango ukibamizwa, nimeubamiza mimi. Na mtu akipigwa, mpigaji ni mimi na anayepigwa ni kabichi.

Filamu ninayoizungumzia ni ya kaka yangu. Mtaani wanamwita Jenerali kwa sababu ya kile kipaza sauti chake cha mkononi, na hata bila hicho kipaza sauti, akiomba chumvi mezani utadhani anatoa amri. Ameshatengeneza filamu nyingi za mapigano, zote za pikipiki na moto na watu wanaoruka juu ya mapaa. Lakini hii ilikuwa ya kwetu. Ilimhusu mdogo wetu, kitindamimba wa Mama.

Mdogo wetu alikuwa mmoja wa vijana wa ghala. Waliingia kwenye ghala lililotelekezwa nyuma ya kiwanda cha sabuni wakalifanya makao yao. Walifuga nywele hadi mabegani, wakakataa ajira, wakakataa ndoa, wakawa wanapiga magitaa yasiyotimia nyuzi na kuchora ukutani picha za wakubwa wenye pua za nguruwe. Watu wazima waliwaita wavuta bangi, na wengine walikuwa wavuta bangi kweli. Mdogo wetu hakuvuta hata sigara, kifua kilimbana tangu utotoni. Siku kikosi cha askari kilipokuja kuwafukuza, mdogo wetu alikimbilia nyumbani, na mkuu wa kikosi akamfuata hadi getini kwetu. Alimpigia hapo hapo, mchana kweupe. Mimi nilikuwa ndani, Mama alikuwa amenifungia kwa komeo la nje nisije nikatoka nikauawa pamoja naye. Mdogo wetu alifia hospitalini bila kuamka. Mkuu wa kikosi alipandishwa cheo.

Mama alikuwa pale getini akaona yote, na hakumsimulia mtu. Hata sisi wanawe. Ukigusia habari ile, alinyanyuka akaenda kuanua nguo, hata kama kamba ilikuwa tupu. Kwa hiyo Kaka alipomwambia kwamba anataka kuitengenezea filamu, nilidhani atamfukuza. Hakumfukuza.

“Watu wataona alichofanyiwa, Mama,” Kaka akamwambia. “Ukumbi mzima utalia.”

“Watalia kweli?” Mama akauliza.

“Nakuapia.”

Mama akaingia chumbani kwake akatoka na shati la marehemu, lile la mistari, kwa ajili ya kijana atakayemwigiza. Alikuwa amelipiga pasi. Tangu siku hiyo akawa anatuuliza filamu imefika wapi, yeye ambaye hata redio hasikilizi, na mimi nikaelewa kwamba kuna kitu amekiweka moyoni anakingoja. Alikuwa anangoja watu wamlilie mwanawe. Basi. Hakutaka kingine.

Nilipofika kwenye kile kipigo cha getini, tukagombana mimi na Kaka.

Mimi nilikisikia kipigo kile kupitia dirishani, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hilo ndilo watu wasilolijua. Ngumi ya kweli kwenye mwili wa mtu haivumi. Ni kama mtu anakung’uta mto wa kulalia. Kinachosikika zaidi ni pumzi. Nami nikarekodi hivyo hivyo: mto, shuka lililoloa maji, na pumzi yangu mwenyewe ikikatika. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akavua hedifoni.

“Hii ndiyo nini?”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Sikiliza, bibie. Mtu hatoki kwake kuja kusikiliza watu wanakung’uta mito. Hii ni filamu ya mapigano. Mtazamaji asiposikia mfupa anajua umemdanganya.”

“Mfupa haukulia.”

“Basi wewe ufanye ulie. Kazi yako si ndiyo hiyo?”

Nikaufanya ulie. Nilichukua kabichi, nikachukua karoti za kuvunja, nikanunua na pande la nyama ya ubavu nikalitandika kwa ngumi mpaka vidole vikavimba. Chumba changu cha kurekodia ndicho chumba changu cha kulala, nimekizungushia magodoro ukutani, lakini mlio ulipenya. Mama akagonga mlango.

“Mnatwanga nini humo?”

“Kazi tu, Mama.”

Jioni aliipika ile nyama kwa sababu hakuona sababu ya kuitupa. Mimi sikuila. Kaka alikula akaomba aongezewe.

Onyesho la kwanza lilikuwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa mtaa wetu, hatua chache kutoka getini kwetu. Mama hakuja, Kaka alitaka aje Jumapili ambapo viti vya mbele vingekuwa vimevishwa vitambaa. Nilikaa nyuma kwenye meza ya mitambo. Watu walijaa hadi madirishani: kinyozi wa pale kona, mshonaji, muuza mkaa, walimu, wanafunzi wa chuo waliovaa kofia za kimapinduzi zilizolala upande mmoja, na wazee wawili watatu waliokuja kwa kuwa nyumbani kulikuwa na joto.

Mkuu wa kikosi, ambaye kwenye filamu aliitwa Kamanda, aliigizwa na fundi wa magari, mtu mpole ajabu, lakini mwenye mabega kama kabati. Kaka alimvika miwani nyeusi na kumwambia aseme kidogo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana aliyemwigiza mdogo wetu alikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu haki na uhuru, na watu wakapiga miayo. Fundi alikuwa na miwani na mabega.

Ngumi ya kwanza ilipotua, ukumbi ulisema “Aaah!” kama vile mpira umegonga mwamba wa goli. Ya pili wakacheka. Ya tatu wakapiga makofi, na mtu mmoja akanyanyuka kabisa kwenye kiti chake akapiga kelele, “Mwongeze huyo, nywele zimemzidi akili!” Wakaangua kicheko. Kila karoti niliyoivunja walishangilia. Nilikaa pale nyuma nikawachukia mmoja mmoja, kwa sura.

Taa zilipowashwa, Kaka akawakaribisha watoe maoni. Mzee mmoja mwenye tai akasimama, akakohoa kwanza, akasema filamu hii inachochea vijana na yeye atashangaa sana ikiachwa ionyeshwe. Kabla hajakaa, mwanafunzi mwenye kofia akadakia kwamba uchochezi uko wapi, filamu hii ni usaliti mtupu, imechukua mapambano ya umma ikayageuza peremende. Wakarushiana maneno. Mwenye tai akamwita mwenzake mtoto wa mama. Mwenye kofia akamwita kibaraka. Kila mmoja alikuwa na hukumu yake tangu nyumbani, filamu ilikuwa kisingizio tu, na hakuna kati yao aliyetaja kwamba kuna mtu amepigwa hadi akafa. Kisha dada mmoja mrembo wa safu ya kati akanyoosha mkono akauliza kwa adabu kabisa kama sehemu ya pili itakuwepo.

“Ila Kamanda asife, tafadhali,” akasema. “Kamanda ndiye mwenye filamu yake.”

Huyo ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote. Kaka naye akacheka, kichwa kimemvimba, akasema ataangalia.

Nilimshika nje, karibu na tangi la maji.

“Uliahidi watalia.”

“Watalia wakifika nyumbani.”

“Kaka, huna haya.”

“Haya nitaitoa wapi, mimi natengeneza filamu! Unataka nini? Ukumbi mtupu na ukweli wako wa mito? Wamejaa. Wamekaa mpaka mwisho. Jina lake limetajwa mbele ya watu.”

“Hakuna aliyelitaja. Wamemtaja Kamanda.”

“Mama hatajua tofauti,” akasema, akaondoka kwenda kupiga picha na kinyozi, ambaye alikuwa ameshaazima ile miwani ya fundi na kukunja ngumi.

Neno lile lilinichoma. Mama hatajua tofauti! Jumamosi nzima nilijifungia, nikaitoa sauti yote ya kabichi na nyama na karoti, nikarudisha mto na shuka na pumzi. Muziki wa ngoma aliouweka Kaka chini ya kipigo nao nikaung’oa. Niliisikiliza gizani katikati ya magodoro, nikalia hadi nikashindwa kuendelea, nikasema, sasa na wao wataona. Nilikuwa na hakika. Nilimpelekea mtu wa mitambo nakala ile mpya bila kumwambia Kaka.

Jumapili Mama alivaa nguo yake ya kuendea harusi za watu, ile ya kijani. Alikaa mbele katikati, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Ukumbi ulikuwa umefurika kuliko Ijumaa. Wengi walikuwa ni wale wale, wamerudi na ndugu zao, na kila mtu anamnong’oneza mwenzake, “Subiri, subiri uone Kamanda.”

Kipigo kikafika. Ngumi ya kwanza ikatua na sauti yangu ndogo.

Kimya. Kwa muda mfupi sana nilidhani nimewapata.

“Sauti!” mtu akapiga kelele. “Fundi mitambo, umelala?”

“Sauti! Sauti!” wakaitikia. Chupa ya maji ikapita juu ya kichwa changu ikagonga ukuta. Halafu kinyozi, sauti yake naijua, akaamua kuwasaidia. Ngumi iliyofuata iliposhuka, akafanya kwa mdomo wake: “Puuu!” Watu wakavunjika mbavu. Ngumi iliyofuata walifanya safu nzima, iliyofuata tena wakafanya ukumbi wote, wake kwa waume, wazee kwa wenye kofia, wanapiga na miguu chini: “Puuu! Paaa! Puuu!” Pumzi ya mdogo wetu, ile niliyoitafuta kifuani mwangu mwenyewe, haikusikika tena. Na katikati yao Mama amekaa, mkoba mapajani.

Kaka akaja mbio kwenye meza. “Umefanya nini, mwendawazimu wewe? Rudisha!”

“Hakuna cha kurudisha. Waache.”

Baada ya kipigo, kwenye filamu, majirani wanatoka majumbani na kukifukuza kile kikosi kwa mawe. Kaka aliipenda sana sehemu hiyo. Wanawake wanarusha, wazee wanarusha, vumbi linatimka. Ukumbi ukasimama. Waliwashangilia wale majirani wa kwenye skrini, yaani walijishangilia wenyewe, na mzee mwenye tai alipiga makofi hadi tai ikakaa begani. Nikamwona Mama anageuza kiti chake. Alikigeuza chote, akaipa skrini mgongo, akawa anawatazama watu.

Tukamfuata, mimi na Kaka, tumeinama ili tusiwazibe watu. Nilidhani nitamkuta analia. Hakuwa analia.

“Hapo mmedanganya,” akasema.

“Wapi, Mama?”

“Kwenye mawe. Hakuna aliyerusha jiwe.”

“Mama, ile ni filamu tu,” Kaka akasema, mkono wake uko kwenye bega lake. “Lazima pawe na—”

“Hizi kelele ndizo,” Mama akasema. “Zilikuwa hivi hivi. Walijipanga pale barabarani, kila anapopigwa wanaitikia. Mwongeze, walisema. Mkateni na nywele. Walicheka.”

Mimi kule ndani, nyuma ya komeo, nilizisikia kelele zile bila kushika maneno, nikadhani wanamtetea. Ndizo nilizomsimulia Kaka alipokuwa anaandika filamu yake, kwamba mtaa mzima ulipaza sauti kumtetea. Masikio haya haya ninayojivunia, ndiyo yaliyoyatengeneza yale mawe.

“Akina nani, Mama?” Kaka akauliza. Ule ujenerali wote ulikuwa umemtoka, alikuwa mtoto. “Akina nani walicheka?”

Mama hakunyoosha kidole. Aliendelea kuutazama ukumbi, safu kwa safu.

“Hawa,” akasema.

“Kwa nini hukutuambia?”

“Ningewaambia, halafu niishi na nani?”

Taa zikawashwa. Watu walipomwona Mama, kwa kuwa wote wanajua yeye ni mama wa nani, wakatulia, wakapanga mstari kuja kumpa mkono, kama inavyostahili kwa mtu mzima. Kaka alitaka kuwazuia. Mama akamtoa kwa kiwiko, akakaa vizuri kitini.

“Shikamoo, Mama. Hongera, filamu nzuri sana.”

“Marahaba.”

“Shikamoo, Mama. Tumecheka, tumelia, kila kitu kimo.”

“Marahaba, mwanangu.”

Kinyozi naye akafika, akavua kofia, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. “Shikamoo, Mama. Yule kijana tulimpenda sana hapa mtaani.”

Nilimkazia macho Mama, nikimwomba moyoni amtemee mate, amtemee huyu mmoja tu, mimi nitayabeba yatakayofuata.

“Marahaba,” Mama akamjibu. “Msalimie mama yako.”