Sikio la Uwanja wa Chezanga

Nchi ya Chezanga iko bondeni, imezungukwa na vilima visivyo na kazi nyingine ila kuzuia upepo, na katikati yake umesimama Mnara ambao asubuhi kivuli chake huangukia nyumba za magharibi na jioni nyumba za mashariki, kwa hiyo hakuna raia hata mmoja awezaye kusema hajawahi kufunikwa nacho. Kutoka Mnarani nyaya hushuka juu ya mapaa, zikaingia kwenye dirisha la kila nyumba, mpaka ndani ya sanduku jeusi lililowekwa sebuleni mahali pa heshima, pale ambapo nchi nyingine huweka picha za marehemu. Ndani ya sanduku hilo ndimo Wachezanga wanamoishi maisha yao mazuri. Nje yake wanabeba mchanga, wanafua, wanagombana na wakwe. Lakini jioni, wakishashika pedi za kuchezea na kioo kikiwaka, wanaendesha magari, wanapigana na majoka, wanajenga miji, na wakifa wanaamka palepale walipoangukia. Ukimuuliza Mchezanga yeye ni nani, atakutajia kwanza cheo chake cha ndani ya gemu, kisha, ukimbana sana, jina alilopewa na mama yake.

Wenye Mnara ni saba, na mkubwa wao ni Zidisha, mtu mpole wa sura ambaye hajawahi kucheza gemu lolote maishani mwake. Wenyewe hawalimi wala hawachezi. Kazi yao ni kutangaza. Kila baada ya miaka kadhaa, watu wakishazoea sanduku walilo nalo na kuanza kulipenda, Wenye Mnara hutangaza sanduku jingine, na nchi nzima hukusanyika uwanjani kulitazama. Sheria ya jambo hilo imechongwa kwenye bamba la shaba kwenye msingi wa Mnara, mahali ambapo hakuna anayesimama kuisoma kwa sababu ya harufu ya choo cha walinzi. Yasema hivi: sanduku jipya halitahesabiwa kuwa limezaliwa mpaka lipigiwe kelele kufikia alama nyekundu, na likishazaliwa, aliyelipigia kelele apewe hilo jipya, na mwanga wake wa zamani uzimwe.

Kelele hizo husikilizwa na Sikio, domo kubwa la shaba lililotundikwa kwenye nguzo katikati ya uwanja, na nyuma yake, chini ya kioo, pana mshale unaopanda msumari hadi msumari mpaka alama nyekundu. Na kuna desturi moja zaidi, ndogo, ambayo watu huiona bila kuitazama: siku ya Tangazo, Wenye Mnara hukaa kwenye roshani yao inayoelekea uwanja wakiwa wamefunga leso za hariri midomoni. Wachezanga huona ni umaridadi. Mabwana harusi wa Chezanga nao siku hizi hujifunga leso midomoni, wakashindwa hata kula pilau ya harusi yao wenyewe.

Aliyekuwa akiusoma mshale ni mwanamke mmoja aitwaye Sihaba, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mazoea ya kusafisha koo kabla ya kusema neno. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na kiapo: atakachokiona nyuma ya Sikio asimwambie mtu. Siku ya Tangazo alitakiwa kujibu maswali mawili tu, na majibu yalikuwa yaleyale tangu enzi ya bibi yake. Imefika? Imefika. Sauti ni ya nani? Ni ya uwanja. Akishajibu hivyo, Mzima Mwanga, mtu wa kuuzima mwanga aliyesimama mlangoni mwa Mnara, huvuta mtaimbo wa uwanja, mmoja wa mitaimbo yake miwili, na nchi nzima hurudi nyumbani kukuta masanduku ya zamani yamekufa.

Sihaba aliona kufa kwa masanduku mawili bila kujali. Hili la Sita, linalotumika sasa, ndilo lililomkaa moyoni, na sababu yake haikuwa gemu lenyewe. Mumewe, Ngwali, katika mwaka wa mwisho wa maisha yake, miguu ilipogoma kumbeba, aliacha shamba lake la kweli likavamiwa na magugu, akaanza kulima la kwenye kioo. Alilima huko kwa adabu ileile, mistari imenyooka, milimau upande wa jua, mchicha kivulini. Siku aliyoiweka pedi chini kwa mara ya mwisho, yule mtu wake mdogo mwenye kofia ya manjano alibaki amesimama mwisho wa mstari wa tatu, ameinamisha kopo, anamwagilia mlimau. Bado anamwagilia. Sihaba hajawahi kuigusa pedi. Kila jioni hukaa na kikombe cha chai akamtazama, akamsimulia habari za mtaa, na ule mlimau ukidondosha limau husema, "Haya, nimeliona." Basi mbiu ilipopigwa kwamba Sanduku la Saba litatangazwa siku ya soko, aliiacha chai yake ipoe.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwatime, muuza vitumbua, mchezaji mkali asiyejua kusema kitu kwa sauti ndogo. Naye Sanduku la Saba alilichukia hata kabla ya kuliona. Alikuwa amekusanya wachezaji mia mbili wa mtaa wa chini, wanafanya mazoezi ya kuzomea nyuma ya kiwanda cha chumvi.

"Safari hii, dada, watatukoma!" alimwambia Sihaba, anageuza vitumbua. "Tutalizomea hilo dude mpaka walirudishe tumboni walikolitoa. Kwanza nasikia lina umbo la kiatu. Kiatu cha afisa! Nimetunga matusi mapya kabisa, unataka kuyasikia?"

"Sanduku la Sita pia mlilizomea," Sihaba alisema.

"Hatukuzomea vya kutosha."

Sihaba alisafisha koo, akasafisha tena. Akilini alimwona mama yake, yule wa kiapo, akimkazia macho. Halafu alimwona yule mtu wa kofia ya manjano.

"Kesho asubuhi naenda kulifuta Sikio vumbi," alisema. "Njoo unishikie ndoo."

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu, walinzi wanakunywa uji mbali. Sihaba alimwingiza Mwatime nyuma ya Sikio, akatoka mbele peke yake, akasema kwa sauti ya kadiri, "Lo, sanduku zuri!" Kisha akarudi. "Mshale umefika wapi?"

"Umefika kwenye msumari wa tatu," Mwatime alijibu.

Sihaba akaenda tena mbele, akasema, "Takataka! Kiatu cha afisa!" Safari hii Mwatime hakungoja kuulizwa. Alitoka nyuma ya Sikio, ameshika ndoo kifuani, uso umemshuka.

"Wa nne," alisema. "Dada, umefika wa nne!"

"Mkitukana mnatia bidii zaidi," Sihaba alisema. "Hicho chuma hakijui mapenzi wala chuki. Kinajua kelele tu. Mwaka ule wa Sanduku la Sita, wale wa kushangilia waliufikisha nusu. Nusu iliyobaki ni nyinyi."

Mwatime aliketi juu ya ndoo. Ninaweza kuapa kwamba ndiyo mara ya pekee katika maisha yake alipokaa dakika nzima bila kutoa sauti, na ndiyo iliyomwonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Kufikia jioni kila aliyenunua kitumbua alikuwa amepewa na habari. Wapenzi wa Sanduku waliambiwa, na wachukivu wake, na wale ambao huwachukia wapenzi na wachukivu sawasawa na hupiga kelele nyingi kuliko wote kwa kusema kwamba wao hawajali. Wengi hawakuamini. Lakini hakuna aliyekuwa hana kitu ndani ya Sanduku la Sita: mwingine ana mji, mwingine farasi, mwingine rafiki wa ng'ambo ya vilima ambaye hajawahi kuuona uso wake. Wakakubaliana kujaribu kunyamaza.

Siku ya soko ilipambazuka tulivu, jua jepesi. Uwanja ulijaa mpaka ngazi za kisima. Juu kwenye roshani, Wenye Mnara saba walikaa na leso zao za hariri, mapangaboi yanawapepea. Chini yao alisimama mpiga mbiu, Domokaya, na tarumbeta lake la kusemea, lililoelekezwa kinyume na Sikio ili sauti yake isihesabiwe, kama ilivyo kawaida. Akavuta pazia.

Sanduku la Saba lilikuwa kweli lina umbo la kiatu, na tumboni lilikuwa na taa ya zambarau. Watu elfu thelathini walilitazama kimya.

Domokaya alingoja. Akatabasamu, akasema kwenye tarumbeta kwamba katika Sanduku la Saba kila jani la kila mti litatikisika peke yake. Mzee mmoja mstari wa mbele, aliyesubiri majani ya namna hiyo tangu ujana, alishika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka. Domokaya akataja bei. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mishipa ya shingo iliwasimama watu, mmoja aliuma kofia yake, Mwatime alijaza upindo wa kanga kinywani mpaka mashavu yakatuna. Lakini hakuna aliyetoa neno, na nyuma ya Sikio mshale ulitikisika kidogo kwa mtu aliyepiga chafya, ukalala.

"Na mjue," Domokaya alisema, "Sanduku la Saba halitafungua gemu za zamani. Mashamba yenu ya zamani yatafutwa. Mtapewa mashamba mapya, yaliyokwisha kulimwa, msihangaike!"

Sihaba aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya Sikio, pua yake iko shubiri moja kutoka kwenye mshale. Yaliyokwisha kulimwa! Kilimpanda kilio kutoka tumboni, kilio cha matanga hasa, ambacho hata siku ya kumzika Ngwali hakukitoa, na alijua kwamba akikiachia hapo, karibu na chuma namna hiyo, peke yake anaweza kuufikisha mshale kwenye nyekundu. Alikaza meno. Alihesabu milimau ya mstari wa tatu, mmoja mmoja, ikawa kumi na minne, akaihesabu tena. Maumivu yalikuwa makali, lakini yalimshuka bila sauti.

Kimya kiliendelea mpaka mapangaboi ya roshani yakasikika. Kuna bibi alianza kuchambua mchele kwenye ungo wake, na hata huo hakuurusha. Wenye Mnara walitazamana. Walikuwa wamezoea kupendwa, na kutukanwa wamezoea zaidi. Lakini hili la kutazamwa tu hawakuwa na pa kuliweka.

Zidisha alisimama. Aliegemea ukingo wa roshani, akaanza kuonyesha kwa mikono kwamba watu wapaze sauti. Hakuna aliyepaza. Akapiga ukingo kofi. Ndipo alipofanya jambo ambalo baba yake na babu yake hawakulifanya: aliivuta leso ikashuka kidevuni.

"Semeni basi!" alipiga kelele. "Tukaneni! Mna nini leo? Si zuri? Si baya? Semeni hata baya!"

Mshale uliruka ukafika msumari wa pili.

"Nilikwambia tusilifanye jeusi!" alifoka mwenzake wa kulia, naye leso imemwanguka. "Nilitaka jeupe!"

"Kosa ni hiyo taa! Nani aliyeomba zambarau?"

"Mpumbavu mkubwa wewe, zambarau ndiyo iliyobaki nzuri humo!"

Wakawaka wote saba. Walilisifu, walilitukana, walilitetea, mmoja aliapa kwamba Sanduku la Tano ndilo lililokuwa la mwisho la maana na tangu hapo ni wizi mtupu. Kwa ufupi walisema kila ambalo uwanja ungesema, na kwa hasira zaidi, kwa kuwa lilikuwa lao. Chini watu walisimama kimya wakiwatazama. Msumari wa tano. Wa sita. Mshale ukagusa nyekundu, ukaganda hapo.

Domokaya alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa imemwingia mifupani. Alipouona mkono wa Sihaba umeinuka, aliuliza alivyouliza siku zote:

"Msoma Sikio! Imefika?"

"Imefika," Sihaba alijibu.

Roshani ililipuka kwa shangwe. Zidisha alimkumbatia aliyekuwa akimwita mpumbavu.

"Sauti ni ya nani?"

Sihaba alisafisha koo. Aliutazama uwanja, akamtazama Mwatime na mashavu yake yaliyotuna, kisha akainua macho juu.

"Ni ya roshani," alisema.

Mzima Mwanga, mlangoni mwa Mnara, hakuwa amewahi kuulizwa maoni yake kuhusu lolote. Alilitazama bamba la shaba, ambalo yeye peke yake kwa sababu ya kituo chake alikuwa akilisoma kila siku, akauacha mtaimbo wa uwanja ulivyo. Akavuta ule wa pili, wa roshani, mwembamba, wenye kutu, uliokuwa haujavutwa kamwe. Mapangaboi ya roshani yalizunguka mara chache zaidi, yakasimama. Milango ya Mnara, ambayo hushikiliwa wazi na mwanga, ilijifunga. Kisha walinzi, kwa kufuata sheria, walilifunga Sanduku la Saba kamba, wakalipandisha taratibu mpaka roshani, wakawakabidhi wenyewe. Lilipofika juu ile taa ya zambarau ilikuwa imezimika.

Sihaba alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani hakuna aliyesema, kwani kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Sihaba aliogopa na jambo jingine: ikiwa Mnara umezimika, nyaya zitaleta nini? Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kioo kilikuwa kinawaka. Mtu mwenye kofia ya manjano alikuwa mwisho wa mstari wa tatu, kopo limeinama. Mwanga huo ulitoka wapi, mpaka leo Wachezanga wanabishana. Wapo wasemao ni mabaki yaliyosalia kwenye nyaya na siku moja yatakwisha, na wapo wasemao kwamba haukuwahi kutoka Mnarani. Mbali, kutoka roshani, mtu alianza kuita afunguliwe. Aliita kwa nguvu, na bila shaka kule uwanjani mshale ulikuwa ukipanda. Sihaba alimimina chai, akaketi. Limau likadondoka.

"Haya," alisema. "Nimeliona."