Ufunguo wa Chumba cha Ushauri

Mkuu wa washauri nasaha alikuwa na sheria moja kali: mshauri akishindwa kula mchana kwa sababu ya aliyoyasikia, akabidhi ufunguo wa chumba chake, aende nyumbani kupumzika. Leo chakula cha mkuu mwenyewe kilipoa bila kuguswa.

"Mama, ufunguo," akasema mshauri kijana, mwanafunzi wake wa zamani, amemkingia kiganja.

"Umeshanipanda kichwani! Sheria nimeitunga mimi! Na kuna mfiwa ananisubiri."

"Nitamsikiliza mimi, kama ulivyonifundisha."

Mkuu akataka kufoka tena, kikamtoka kicheko. Akautua ufunguo kwenye kile kiganja, akatoka kifua mbele, akamwambia mlinzi getini:

"Umemwona yule aliyenifukuza kazini leo? Basi huyo nimemfunda mimi!"