Linasubiri Kuidhinishwa

Madereva wa malori walimwita Mama Turubai, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na karakana yenye mashine tatu za kushonea maturubai, zile nzito zenye sindano nene kama msumari, na mfanyakazi mmoja tu, mwanamke mtu mzima aliyeitwa Bibi Pete kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoboa matundu pembeni mwa turubai na kugongelea pete za kupitishia kamba.

Mwaka ule kampuni moja ya usafirishaji iliwapa kazi ya maturubai arobaini. Wakati wa kulipa, mhasibu wa kampuni akamkata Mama Turubai kodi na kuipeleka serikalini, lakini akakosea kiwango, akamkata mara tatu ya ilivyostahili. Kosa lilikubaliwa, karatasi zikagongwa mihuri. Akaambiwa ajaze fomu ya marejesho, akapewa namba ya ombi, akaambiwa asubiri siku tisini. Fedha hizo zingetosha pango la karakana la mwaka mzima na marobota mapya ya kitambaa cha turubai juu yake.

Siku tisini zikapita. Kila asubuhi, kabla hajavua hata viatu vya njiani, Mama Turubai aliingiza namba ile kwenye simu na kusubiri duara lizunguke.

"Leo inasemaje, mwanangu?" Bibi Pete aliuliza.

"Linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Hiyo haisemi."

Mwezi wa tano neno likabadilika. *Linasubiri kuidhinishwa.* Mama Turubai alipiga kelele hadi fundi pikipiki wa jirani akaja mbio na spana mkononi, akidhani kuna mtu kashonwa kidole. Walijua ni suala la siku mbili tatu. Neno likaganda hapohapo. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, na mwenye nyumba akaanza kupita mlangoni bila kusalimia.

"Kodi ya serikali nimelipa mpaka ikazidi," Mama Turubai alimwambia. "Kodi ya nyumba utapata nikirudishiwa ile iliyozidi."

"Mimi sikopeshi serikali," mwenye nyumba akajibu.

Hata hivyo Mama Turubai hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa na mtu ndani. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, alikuwa afisa katika ofisi hiyohiyo ya kodi. Tangu walipomzika mama yao miaka miwili nyuma, Dada alikuja kula kwa mdogo wake kila Jumapili. Alinawa, akakaa, akala taratibu, kisha akauliza, "Bado?"

"Bado, Dada. Hebu niulizie."

"Nalifuatilia, mdogo wangu. Mfumo una matatizo. Ukiwasukuma sana wanakasirika, faili linarudi chini."

Mama Turubai akatulia, maana nani angejua mambo ya ofisi kuliko Dada? Mwezi wa saba, pango lilipomfika shingoni, Dada huyohuyo ndiye aliyemshauri auze mashine moja. Akamtafutia hata mnunuzi, bwana mmoja mshona mapazia. Alisimama pembeni na mkoba wake kifuani mashine ilipokuwa inapakiwa, akasema, "Utanunua nyingine." Mwezi wa nane ikaenda ya pili. Bibi Pete aliambiwa apumzike kidogo nyumbani, naye akaelewa maana ya kidogo. Alikusanya nyundo na pete zake kwenye kopo, akaaga bila kunung'unika, na hilo lilimuuma Mama Turubai kuliko matusi.

Mwezi wa tisa uvumilivu ulimwisha. Bila kumwambia Dada, alikwenda ofisini siku ya Jumatano, akijua siku hiyo Dada hukaa kwenye vikao. Alipanga foleni kuanzia saa mbili. Karani wa dirisha la nne alikuwa kijana mchangamfu, mwenye haraka ya kusaidia.

"Mama, hili mbona lilikamilika zamani? Uhakiki ulikwisha. Kinachosubiriwa ni sahihi moja tu."

"Ya nani?"

"Ya mwidhinishaji. Ngoja." Akasogeza uso kwenye kompyuta. "Ajabu. Mengine yote ya mwezi huo ameshasaini. Hili amelifungua..." akahesabu kwa kidole, "mara kumi na nane, akalifunga." Kisha akacheka. "Na mna jina moja la baba! Ni ndugu yako nini?"

Mama Turubai alikuwa ameshaanza kukunja fomu yake. Kicheko cha karani kikamfia mdomoni. Akainamisha macho kwenye karatasi zake, akaita, "Anayefuata!"

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Dada. Alimkuta uani anaanika mashuka. Hakusalimia.

"Mara kumi na nane, Dada."

Dada alimaliza kubana shuka, akakung'uta mikono. Hakujifanya kushangaa.

"Kila Jumatatu," akasema. "Nikitoka kula kwako."

"Nimekukosea nini? Nimeuza mashine! Nimemfukuza bibi wa watu!"

"Nilipokuwa namuuguza mama kitandani, nilikuomba kitu gani?"

Mama Turubai akayatazama mashuka kwenye kamba.

"Sema. Nilikuomba kitu gani?"

"Godoro."

"Godoro la hewa. La wagonjwa wasiogeuka. Nilikwambia mgongo wake umeanza kuchubuka. Ukasema, mwisho wa mwezi, Dada. Mwisho wa mwezi ukafika, ukasema, kuna mteja hajalipa. Mwezi uliofuata ukanunua mashine ya tatu, ukanipigia simu nikupongeze. Nikakupongeza. Nikakata simu nikaenda kumgeuza mama. Nilikuwa namgeuza kila saa mbili, na ngozi inabaki kwenye shuka."

"Biashara ilikuwa changa, Dada. Sikujua kama hali ni mbaya vile."

"Hukujua kwa sababu hukuja. Ulikuja kuzika." Dada akaokota kapu la nguo. "Mama alisubiri godoro miezi kumi na minne. Wewe una tisa. Bado mitano, nitasaini. Mimi nilikuwa sina nia ya kuzila fedha zako."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mteja utaratibu. Mama Turubai alitaka kumrukia. Alitaka pia kukaa chini pale kwenye maji ya sabuni alie, kwa sababu alilikumbuka lile godoro na bei yake, na alikumbuka vizuri kwamba fedha alikuwa nazo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoka akaenda moja kwa moja kuandika barua ya malalamiko.

Barua ilifanya kazi haraka kuliko kitu chochote katika ofisi ile. Dada akasimamishwa. Kwenye kikao hakukana hata neno. Alisema alifanya kwa makusudi, tarehe hizi na hizi, na kwamba asingeomba radhi. Akafukuzwa baada ya miaka ishirini na miwili, na mafao yake yakapunguzwa.

Siku iliyofuata Mama Turubai alifungua simu. Neno lilikuwa limebadilika: *Limezuiwa. Ushahidi.*

"Faili linashikiliwa kama ushahidi wa kesi ya afisa, ni wiki chache tu," wakamwambia dirishani. Zikawa miezi kumi na saba. Mashine ya mwisho iliondoka kabla ya ule mwaka kwisha, na karakana ikapangishwa kwa muuza vipuri. Yule bwana wa mapazia, ambaye sasa alikuwa na mashine zote tatu, alimwajiri azitumie. Alimlipa kwa urefu wa pindo aliokunja. Alipenda kuwaambia wateja, "Huyu fundi nimemnunua pamoja na mashine zake," na wateja walicheka, naye alijifunza kucheka nao.

Fedha ziliingia Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya pindo. Aliomba ruhusa ya saa moja. Hakujua anakwenda wapi mpaka alipojikuta mbele ya mlango wa Dada.

Dada alikuwa amekonda. Hakumkaribisha. Mama Turubai akamnyooshea simu, na alichotaka aone hata yeye hakukijua vizuri: kwamba ameshinda, au kwamba yamekwisha. Dada akavaa miwani, akasoma ujumbe mpaka chini. Kisha akaurudia kwa kidole, kama alivyozoea kazini.

"Wamekukata adhabu ya kuchelewesha ritani, zile taarifa za kodi za kila mwaka."

"Ritani gani? Karakana ilishafungwa!"

"Hukuwaandikia kwamba imefungwa. Kwao bado iko wazi." Akavua miwani. "Nusu nzima imekwenda. Lakini inarudishwa hiyo, ukikata rufaa. Una siku thelathini. Barua yenyewe ni ngumu kidogo, ina vifungu vyake."

"Nani ataniandikia?"

Dada akamrudishia simu.

"Mimi si mfanyakazi wa pale," akasema, akafunga mlango.

Mama Turubai alisimama barazani hadi saa yake ya ruhusa ikakaribia kwisha. Kisha akaondoka kwa haraka, maana bwana wa mapazia alikuwa akikata malipo kwa kila dakika ya kuchelewa.