Simu ya Siku ya Sitini

"Hesabu mwenyewe, sista," mama yule alisema, akaiweka chupa ya vidonge mezani kwa mikono miwili. "Mzee alisema visipungue wala visizidi. Mimi sijavigusa."

Muuguzi akaipokea huku akitabasamu. Mama mwenyewe hakumjua, ila namba iliyokuwa kwenye kibandiko cha chupa aliijua vizuri. Ilikuwa ya Mzee Redio, mshiriki aliyempenda kuliko wote katika utafiti wa dawa ya kuzuia kiharusi kisirudi. Jina la Redio walimpa wauguzi, kwa kuwa mzee yule akishawashwa hazimiki. Ukimuuliza habari za mguu wake uliopooza, atakupa na za mguu wa jirani. Leo ilikuwa tarehe yake ya kurudi kliniki.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Mwenyewe leo katutoroka?"

"Marahaba, mwanangu." Mama akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. "Mwenyewe hatunaye. Leo ni siku ya arobaini na nne."

Muuguzi alikuwa ameshafungua kifuniko, na vidonge vichache vilikuwa vimeanguka kwenye sahani ya kuhesabia. Akabaki ameishika chupa hewani.

"Pole, mama. Pole sana."

Alikuwa na huzuni ya kweli, asisingiziwe. Lakini kabla huzuni haijafika, kichwa kilishapiga hesabu, na hilo ndilo lililomtia aibu ya kwanza asubuhi ile. Arobaini na nne. Simu ya Mzee Redio, ile ya siku ya sitini tangu apewe chupa, ilikuwa imepita siku thelathini na tano. Kwa hiyo mzee alikufa siku tisa kabla ya simu. Na kwenye faili yake, kwa mwandiko wa muuguzi huyu huyu, iliandikwa kwamba alipigiwa, akapokea, na yu mzima.

"Ilikuwa asubuhi," mama aliendelea, maana mfiwa huwa anasimulia hata asipoulizwa. "Kameza kidonge chake, kaniomba maji mengine. Kugeuka na kikombe, nakuta mtu kaegemea ukuta. Hata zahanati hatukufika. Nimekuja na nakala ya karatasi ya kifo, nikajua mtaihitaji." Akaitoa mkobani, imekunjwa mara nne. "Sasa siku ile ya simu yenu, mimi niliichaji simu yake tangu alfajiri. Ndugu wakaniambia izime, inakuletea machungu. Nikawaambia hapana, watu wa hospitali watapiga, na mimi ndiye wa kuwaambia. Yeye enzi zake, siku ya simu yenu, alikuwa anaiweka mezani, hatoki hata kwenda kunyolewa. Basi nikaiweka palepale, nikakaa nayo mpaka jua likazama."

Muuguzi akaikunjua karatasi, akasoma tarehe.

"Haikulia. Nikajua mmeshasikia kwa watu. Mlisikia, siyo?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hapana, lisingemchosha mdomo. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayeomba jambo dogo tu.

"Ndiyo, mama. Tulisikia."

"Nilijua!" Mama akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Nilimwambia dada yangu, wale hawawezi kumsahau. Alivyokuwa akiwasifu! Sista yangu huyu, sista yangu yule. Mpaka nikaona wivu."

Muuguzi akainama kwenye sahani, akaanza kuvisogeza vidonge vitano vitano kwa kijiti. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wenzake walimwita Mwandiko. Katika ukumbi wa utafiti wa hospitali ile ya kufundishia, ambako kila mlango ulikuwa na kiungo chake, huku moyo, kule figo, mbele macho, hapakuwa na mtu aliyejaza fomu safi kama yeye. Herufi zake zilikaa kwenye mstari kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Wageni wakija, Profesa aliyeongoza utafiti alichomoa faili ya Mwandiko awaonyeshe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa wakikagua faili.

Na mwanzo wa ngoma ni lele. Mwaka jana mshiriki mmoja hakupokea simu, na Mwandiko alikuwa amemwona sokoni wiki hiyo hiyo ananunua viatu. Akaandika: yu mzima. Si uongo, alijiambia, nimemwona kwa macho yangu. Wa pili hakumwona yeye, alionwa na mtu. Wa tatu hakuonwa na yeyote. Halafu ikaja siku ya sitini ya Mzee Redio, orodha ina watu kumi na tisa, saa zimekwenda, na Redio akipokea ni nusu saa nzima. Mwandiko akajisemea, huyu namjua kama kiganja cha mkono wangu. Akatia alama: yu hai, hajalazwa, anameza dawa. Fomu ilikuwa na sehemu ya maneno ya mshiriki mwenyewe, na sehemu hiyo Redio hajawahi kuiacha tupu. Mwandiko akamjazia. Tena alitabasamu akiandika.

"Arobaini na tisa," alisema sasa.

"Vimetimia?"

Mia alivyopewa, kutoa arobaini na tisa. Hamsini na moja. Mzee alimeza kidonge kila siku aliyopewa ya kuishi, hakuruka hata moja, mpaka cha asubuhi ile.

"Vimetimia, mama."

"Basi kawatendea haki," mama alisema, akafunga mkoba.

Karani wa takwimu akachungulia mlangoni. "Dada Mwandiko, mwisho ni saa sita. Wale wa kikao cha usalama wanataka vifo vyote vya mpaka mwisho wa mwezi uliopita. Wewe huna kipya, siyo? Watu wako hawafi!" Akacheka, akaenda zake.

Wale wa kikao ndio pekee waliojua chupa ipi ina dawa na ipi ina kidonge kitupu cha kulinganishia. Wao walihesabu vifo vya kila upande, wakaamua kama watu wengine mia sita na zaidi waendelee kumeza au waambiwe wasimamishe. Mwandiko alilijua hilo; ndilo alilokuwa akiwafundisha wauguzi wapya. Na alijua pia jinsi ya kuponyoka. Karatasi ya kifo ingeweza kulala kwenye droo. Angeandika: familia imeleta habari, amefariki mwezi huu. Kifo kingetoka nje ya hesabu ya leo, simu aliyoiandika ingebaki kuwa simu, na mama huyu angekwenda nyumbani na faraja yake. Nani angejua? Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa yeye.

Alishika kalamu. Akajaza kwanza fomu ya vidonge, iliyo rahisi: vilivyotolewa, mia, vilivyorudi, arobaini na tisa. Akataka kuandika tarehe ya kifo. Kalamu ikakataa. Akiandika mwezi huu, basi itabidi aeleze kwa nini mzee aliacha kumeza dawa wiki nyingi kabla ya kufa, na maelezo ni mepesi, wagonjwa wengi huacha. Lakini angekuwa anamwita mzembe mtu ambaye hakuruka hata siku moja, huku mke wake amekaa hapo mbele, kapanda magari mawili kuja kurudisha vidonge ambavyo mwingine angevitupa jalalani.

"Mama, nisubiri hapo kwenye benchi nje. Usiondoke, tafadhali."

Profesa alikuwa akipanga karatasi za kikao. "Ah, Mwandiko! Njoo, nilitaka kuchukua faili zako mbili tatu, wale wageni..."

"Mzee Redio amefariki, Profesa. Siku tisa kabla ya simu niliyoandika kwamba nimempigia."

Profesa akavua miwani. "Ulimpigia nani, basi?"

"Sikupiga."

Nje kulipita kitoroli, gurudumu moja likilia. Profesa akangoja kipite.

"Wengine wangapi?"

"Kumi na mmoja ninaowakumbuka."

"Na usiowakumbuka?"

Mwandiko alitazama sakafu. Angefokewa ingekuwa nafuu. Mtu akikufokea unapata cha kujibu, hata kama ni moyoni, na Profesa hakupaza sauti hata kidogo.

"Chupa ya mzee ilikuwa na nini? Mimi sijui, wewe hujui. Wale wa saa sita wanajua. Wangetazama safu yake wakaona mtu bukheri wa afya, na asubuhi ya leo watu mia sita wamekunywa maji wakameza. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hukuelewa siku ile?"

"Nilielewa, Profesa." Machozi yalianza kumtoka, na hata hayo aliyaonea haya, akayafuta kwa haraka kama ameiba. "Nilidhani namjua."

Profesa aliinua simu, akamwambia karani asubiri, kuna kifo cha kuongeza, na faili zote za mlango wa kiharusi zitapitiwa upya, moja moja. Kisha akamsogezea Mwandiko kalamu. "Ukitoka hapa hutashika simu ya utafiti mpaka kamati ya maadili iamue. Lakini hii sahihisha wewe, mbele yangu."

Katika kazi ile kosa halifutwi. Halipakwi rangi nyeupe, ukurasa hauchanwi. Unapiga mstari mmoja, maneno ya chini yabaki yanasomeka, unaweka tarehe, sahihi na sababu. Mwandiko alipiga mstari juu ya alama zake zote, akapiga mwingine juu ya maneno ya mshiriki. Kwenye sababu akaandika: Simu haikupigwa. Herufi zilikwenda upogo, mtu angedhani zimeandikwa na mgonjwa.

"Na mke wa marehemu?" Profesa aliuliza.

"Nilimwambia tulisikia habari, ndiyo maana hatukupiga."

"Nenda kamwambie kweli. Hiyo siwezi kukufanyia mimi."

Benchi lilikuwa chini ya dirisha kubwa la ukumbi. Mama alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, kama mtu ambaye bado ana miadi. Mwandiko hakuthubutu kukaa kando yake. Alichuchumaa mbele yake na fomu mkononi, wapita njia wakimkwepa.

"Mama, nimekudanganya. Hatukusikia kwa mtu. Siku ile nilitakiwa kupiga mimi, na sikupiga. Nikaandika kwamba nimepiga na amepokea."

Mama aliushika mkoba kwa mikono miwili.

"Ungepiga, ningepokea," alisema. "Mlio wa kwanza."

"Najua, mama."

"Hujui." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikata. "Nilikaa nayo siku nzima. Watu wanaingia, wanatoa pole, mimi nasema samahani, msizungumze kwa sauti, nangoja simu ya hospitali. Hujui."

Pole aliyokuwa nayo Mwandiko aliiona haina thamani ya kutolewa.

"Hiyo ndiyo karatasi?"

"Ndiyo."

"Uliandika alisema nini?"

"Mama, si maneno yake, mimi ndiye..."

"Nimekuuliza uliandika nini. Nisomee, sina miwani."

Aibu ilimpanda Mwandiko mpaka kwenye masikio. Mbele ya Profesa alisimama, mbele ya kamati atasimama, lakini hili alitamani kulikimbia. Akasoma.

"Mshiriki amecheka. Anasema mguu sasa unamsikiliza kuliko watoto wake. Anasema mwambieni daktari bado nipo, nipo sana, na mke wangu anamsalimu."

Mama alivuta mtandio, akajifunika mdomo. Mabega yalimtetemeka, na Mwandiko, pale chini, hakuweza kujua kama analia au anacheka.

"Mguu kuliko watoto," mama alisema ndani ya kitambaa. "Hilo alikuambia lini?"

"Hakuniambia. Nililibuni."

"Ndivyo angesema." Hakusema kwa kushukuru wala kwa kusamehe. Alisema tu, kama mtu anayetambua kitu kilichopotea nyumbani kwake akikikuta mkononi mwa mgeni. Akajifuta macho kwa pindo la mtandio, kisha akasogea kidogo kwenye benchi, si kumpisha mtu akae, bali karatasi ipate mwanga.

"Soma tena," alisema. "Polepole."

Mwandiko akaigeuzia fomu kwenye dirisha, kwa sababu mstari ulipita katikati ya maneno, akaanza tena kutoka mwanzo.